Kipupwe Nyanda za Juu Kusini: Mpangilio rahisi wa nyumba unavyolinda afya ya familia Mbeya na Iringa

Kila mwaka ifikapo Juni, wananchi wa Mbeya na Iringa huanza kuishi kwa kufuata baridi. Milango hufungwa mapema, watoto huingizwa ndani kabla ya jua kuzama, na jiko la mkaa lililokuwa likitumika barazani huhamishiwa sebuleni au chumbani. Msimu huu, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huutolea mwelekeo wake kwa jina la kipupwe, huanza Juni na kuendelea hadi Agosti. Katika Jiji la Mbeya na maeneo ya miinuko ya Rungwe, Kilolo na Mufindi, joto la usiku hushuka hadi chini ya nyuzi joto 10.

Ni katika miezi hiyo mitatu ambapo mpangilio wa nyumba huacha kuwa suala la mapambo na kuwa suala la uhai. Mahali jiko linapowekwa, mahali mtoto anapolala, mahali mahindi yanapohifadhiwa na mahali dawa ya kunyunyizia nyanya inapofichwa ni mambo yanayoweza kuamua iwapo familia itauona mwezi Septemba ikiwa na afya njema. Jambo la kutia moyo ni kwamba marekebisho mengi yanayohitajika hayadai fedha nyingi. Baadhi yake hayadai fedha kabisa, bali saa chache za kuhamisha vitu na uamuzi wa familia kukubaliana kwamba kila kitu kiwe na mahali pake.

Chakula kipo, changamoto iko ndani ya nyumba

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Mbeya una watu 2,343,754 na Mkoa wa Iringa una watu 1,192,728. Mikoa hii, pamoja na Rukwa na Ruvuma, imejulikana kwa miongo mingi kuwa ghala la mahindi la Taifa. Viazi mviringo, maharage, ndizi, maziwa, mboga na matunda hupatikana kwa wingi kuliko katika maeneo mengi ya nchi.

Hata hivyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 56.9 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa kitaifa ni asilimia 30. Wataalamu wa lishe wamekuwa wakieleza kuwa udumavu hautokani na uhaba wa chakula pekee. Namna mtoto anavyolishwa, muda ambao mama anaupata wa kumhudumia, magonjwa ya kuhara na ya kifua yanayojirudia, usafi wa maji na vyombo, pamoja na usalama wa nafaka zinazosagwa kuwa unga wa uji wake, vyote vina mchango. Mengi kati ya hayo huamuliwa ndani ya kuta za nyumba na katika ua wake.

Kwa Watanzania, wazo la kuanza kulinda afya kwa kupanga makazi si geni. Mwaka 1973 Serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio, ambapo wananchi wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi vya kusikiliza vipindi, kujadiliana na kisha kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani yanayozunguka nyumba na kufukia madimbwi. Miongo kadhaa baadaye ikaja kampeni ya Nyumba ni Choo, na mwaka 2024 Mtu ni Afya ikazinduliwa upya katika awamu ya pili. Ujumbe wa kampeni zote hizo ni mmoja: maboresho madogo yanayofanywa na kaya nyingi kwa wakati mmoja huleta mabadiliko makubwa.

Kupanga kabla ya kununua

Kosa linalofanyika katika kaya nyingi ni kuanza maboresho ya nyumba kwa kununua. Kabati jipya huingizwa katika chumba ambacho tayari kimejaa, na matokeo yake ni chumba kilichojaa zaidi. Hatua ya kwanza iliyo bora ni kutoa vitu vyote vya chumba kimoja nje, siku yenye jua, na kuvigawa katika mafungu matatu: vinavyotumika kila siku, vinavyotumika kwa msimu, na visivyotumika tena. Fungu la tatu hugawiwa, huuzwa au hutupwa katika shimo la taka.

Baada ya hapo, kila chumba hupimwa kwa maswali manne. Je, kuna moto au moshi karibu na mahali watu wanapolala? Je, kuna unyevu unaogusa godoro, nguo au nafaka? Je, kuna sumu au dawa ambayo mkono wa mtoto unaweza kuifikia? Na je, mtu anaweza kutoka nje haraka usiku bila kujikwaa? Chumba kinachojibu maswali hayo manne vizuri kimepangwa vizuri, hata kama hakina samani za thamani. Chumba chenye makochi mapya lakini kikashindwa swali mojawapo bado hakijapangwa.

Siku ya kufanya kazi hiyo inaweza kuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo tayari ni siku ya usafi kitaifa. Kaya yenye vyumba vitatu na jiko ikishughulikia chumba kimoja kila mwezi, itakuwa imemaliza nyumba nzima ndani ya miezi minne.

Jiko: kutenganisha kazi tatu za moto

Katika nyumba nyingi za vijijini za Nyanda za Juu Kusini, moto wa jikoni umekuwa na kazi tatu kwa wakati mmoja: kupika, kuwapasha watu joto na kukausha mahindi yaliyopangwa darini juu ya mafiga. Utaratibu huo ulikuwa na hekima yake, kwa kuwa moshi hufukuza wadudu waharibifu wa nafaka. Lakini moshi huohuo hukaa pia katika mapafu ya mama na ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Takwimu ambazo Serikali imekuwa ikizitumia katika kampeni ya nishati safi ya kupikia zinaeleza kuwa takribani watu 33,000 hufariki dunia kila mwaka nchini kwa magonjwa yanayohusishwa na matumizi ya nishati isiyo safi ya kupikia.

Ndiyo maana Mei 8, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika matumizi ya nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Wakati kaya ikijiandaa kufikia hatua hiyo, yapo mambo yanayoweza kufanyika leo katika jiko lililopo.

La kwanza ni kuzitenganisha zile kazi tatu. Mahindi yaondolewe juu ya moto na kuhifadhiwa kwa njia zitakazoelezwa hapa chini, na joto la kulalia litafutwe kwa njia nyingine, ili moto ubaki na kazi ya kupika tu na uzimwe chakula kinapoiva. Pili, jiko lipatiwe matundu mawili ya hewa, moja chini upande unaotoka upepo na jingine juu upande wa pili, karibu na paa. Hewa safi huingia kwa chini, na moshi, ambao huwa mwepesi kwa sababu ya joto, hutokea juu. Tundu moja peke yake huufanya moshi uzunguke ndani.

Tatu, kuni zikaushwe. Mti wa mkaratusi au mwati uliokatwa jana hutoa moshi mwingi na joto kidogo, kwa kuwa nguvu ya moto hutumika kwanza kukausha maji yaliyomo. Kibanda kidogo cha kuni chenye paa na pande zilizo wazi, kilichojazwa mwishoni mwa msimu wa mvua, hutoa kuni kavu wakati wa baridi. Nne, maharage na makande yalowekwe usiku kucha, na sufuria ifunikwe wakati wa kupika. Hatua hizo mbili zisizo na gharama hupunguza muda wa kupika na kiasi cha kuni au mkaa. Tano, jiko banifu lichukue nafasi ya mafiga matatu pale inapowezekana, na lijengwe juu ya jukwaa la tofali ili mtoto anayetambaa asiufikie moto na mpishi asiiname juu ya moshi.

Kwa kaya zinazotumia gesi, mpangilio una kanuni zake. Mtungi husimamishwa wima, mahali penye hewa na mbali na moto mwingine. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia sakafuni. Mlango au tundu la chini ndilo linaloitoa. Mpira na kichwa cha mtungi hukaguliwa kwa kupakwa povu la sabuni, na mapovu yakiongezeka, gesi inavuja. Harufu ya gesi ikisikika ndani, mtungi hufungwa, madirisha na milango hufunguliwa, na hakuna anayewasha kiberiti wala kugusa swichi ya taa.

Jiko la mkaa lisilale chumbani

Hatari kubwa zaidi ya kipupwe ni ile isiyoonekana. Watu wengi huamini kuwa mkaa uliokolea na kuwa mwekundu hauna madhara kwa kuwa hautoi moshi. Ukweli ni kinyume chake. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo ikivutwa huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na mtu aliyelala hupoteza fahamu bila kuamka. Chumba kidogo, kilichozibwa vizuri dhidi ya baridi, ndicho chenye hatari zaidi.

Dalili zake kwa aliye macho ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kuishiwa nguvu. Watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanapopata dalili hizo kwa pamoja karibu na jiko la mkaa, hawapaswi kusubiri. Wote watolewe nje mara moja, milango na madirisha yafunguliwe, na wapelekwe katika kituo cha huduma za afya hata kama wanajisikia nafuu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa simu ya bure namba 114.

Utaratibu salama ni mmoja: jiko la mkaa halilali ndani. Familia inayoota moto jioni iache dirisha na mlango wazi, na jiko litolewe nje pamoja na majivu yake kabla ya mtu wa kwanza kwenda kulala. Mahali maalumu pa jiko hilo usiku patengwe nje, penye sakafu ya udongo au saruji, mbali na kuni, majani makavu na ukuta wa mbao. Likipewa mahali pake, halitarudishwa chumbani kwa mazoea.

Kuzuia baridi bila kuziba hewa

Jiko likitolewa, swali linalobaki ni namna ya kupata joto. Jibu linaanzia katika kuelewa baridi inakoingilia. Katika nyumba ya matofali ya kuchoma na bati, joto hupotea kwanza kupitia paa. Bati hupoa haraka jua linapozama, na mvuke wa pumzi za watu hugeuka matone upande wa ndani na kudondokea vitandani alfajiri. Dari, iwe ya mbao, ya mianzi iliyosukwa au ya jamvi, huweka tabaka la hewa kati ya bati na chumba, na tabaka hilo ndilo blanketi la nyumba. Kaya isiyoweza kuweka dari nyumba nzima ianze na chumba wanacholala watoto. Jamvi la dari lisipite karibu na taa ya kibatari wala nyaya za umeme zilizo wazi.

Baridi ya pili huingia chini ya mlango na kupitia nyufa za fremu. Kitambaa kizito kilichoshonwa mfano wa mfuko mrefu na kujazwa mchanga au pumba za mbao, kikilazwa chini ya mlango usiku, huzuia upepo huo. Nyufa za kuzunguka fremu huzibwa kwa udongo uliochanganywa na mchanga na saruji kidogo. Hata hivyo, matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha yasizibwe kamwe. Ufa wa chini huleta baridi miguuni. Tundu la juu hutoa hewa iliyotumika, unyevu na vijidudu vya kikohozi. Kuziba cha kwanza na kuacha cha pili ndiyo kanuni ya nyumba ya nyanda za juu.

Tatu, kitanda kisogezwe. Ukuta wa nje huwa na baridi na unyevu kuliko ukuta wa kati, hivyo kitanda kilichosogezwa upana wa kiganja au zaidi kutoka ukuta wa nje hubaki kikavu na godoro haliingii ukungu. Godoro lililolazwa sakafuni liinuliwe kwa chaga za mbao, na mkeka utandikwe mahali watoto wanapokanyaga. Mablanketi na magodoro yaanikwe juani kila wiki, kwa kuwa nguo kavu hutunza joto kuliko nguo yenye unyevu na jua hupunguza viroboto na kunguni. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa kitambaa, ikiwekwa kitandani muda mfupi kabla ya kulala, hupasha shuka joto bila moto wowote kuingia chumbani.

Katika maeneo ya joto ya mikoa hii, kama vile Kyela, tambarare za Usangu wilayani Mbarali, Pawaga na Idodi, mkazo ni tofauti. Huko kitanda hupangwa kwa kufuata dirisha na chandarua, na dari husaidia kuzuia joto la mchana. Kanuni ya hewa na ukavu hubaki ileile.

Mahindi yapate mahali pake

Mavuno yanapoingia nyumbani, magunia hupangwa popote penye nafasi: ukumbini, chini ya kitanda, na mara nyingi yakigusa ukuta na sakafu. Hapo ndipo unyevu, panya na kuvu huanza kazi. Kuvu wa aina fulani hutengeneza sumukuvu, sumu inayodhuru ini na ambayo wataalamu wanaihusisha pia na kudorora kwa ukuaji wa watoto. Mwaka 2016 sumukuvu ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, tukio lililolikumbusha Taifa kuwa nafaka inaweza kuonekana nzuri kwa macho na bado ikawa na sumu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Kinga yake ni ukavu. Mahindi ya kuhifadhi yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kaya isiyo na kipimo inaweza kutumia chupa safi iliyokauka: mahindi machache hutiwa ndani pamoja na chumvi kavu, chupa hufungwa na kutikiswa kwa dakika chache. Chumvi ikiganda katika kuta za chupa, mahindi bado hayajakauka na yarudishwe kuanikwa juu ya turubai, si juu ya udongo. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu ziondolewe kabla ya kuhifadhi.

Ndani ya stoo, magunia yapangwe juu ya chaga, yakiachana na ukuta kwa nafasi ya kutosha mtu kupitisha mkono na ufagio. Nafasi hiyo huwezesha hewa kupita, huonesha uvujaji wa maji mapema na huwanyima panya maficho. Mifuko isiyopitisha hewa, inayofahamika kwa wengi kama kinga njaa, ina mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba. Ikifungwa vizuri, wadudu hufa kwa kukosa hewa bila kutumia dawa. Kaya ikianza na mifuko michache kwa ajili ya nafaka ya uji wa watoto, itakuwa imelinda walaji walio katika hatari zaidi.

Vyombo, maji na mikono

Kichanja cha kuanikia vyombo ni miongoni mwa vifaa rahisi zaidi kutengeneza na vyenye faida kubwa. Fito nne, mianzi iliyopasuliwa na kamba hutosha kukijenga kwa nusu siku, kikiwa na kimo kinachovizidi kuku na mbwa. Vyombo hukauka kwa jua na upepo badala ya kufutwa kwa kitambaa kilichotumika kwa kazi nyingine. Mahali pake ni uani, penye jua la asubuhi na mbali na choo.

Karibu na choo na karibu na jiko kuwe na kibuyu chirizi, yaani galoni dogo lililoning'inizwa na kuvutwa kwa kamba ya mguu, pamoja na sabuni iliyofungwa kwa uzi. Wakati wa baridi watu hukwepa kunawa kwa maji yanayoganzisha vidole, hivyo galoni likiwekwa mahali panapopigwa na jua mchana kutwa, maji yake huwa na uvuguvugu. Maji ya kunywa yahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko, juu ya meza au kigoda, na yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu ambayo haitumiki kwa kazi nyingine.

Sumu, umeme na mikono ya watoto

Wakulima wa nyanya wa Ilula na wa viazi mviringo wa Umalila hutumia viuatilifu karibu kila msimu. Katika kaya nyingi chupa za dawa hizo hukaa chini ya kitanda au jikoni, kwa kuwa ndiko mahali panapofungwa. Zinapaswa kuwa katika sanduku lenye kufuli, nje ya vyumba vya kulala na mbali na chakula, zikiwa katika vifungashio vyake vya asili vyenye maandishi. Kopo la kiuatilifu lililokwisha halioshwi na kufanywa la maji au mafuta ya kula. Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda, na dawa za binadamu ziwekwe juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti.

Kuhusu umeme, baridi huongeza matumizi ya birika, pasi na hita kwa wakati mmoja. Vifaa hivyo havipaswi kuunganishwa katika waya mmoja wa kuongezea soketi. Waya uliopita chini ya mkeka hupata joto bila kuonekana, na nguo zinazokaushwa juu ya hita huweza kushika moto. Marekebisho ya nyaya yafanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Malighafi ipo jirani

Mikoa hii ina utajiri wa vifaa vya kupangia nyumba. Shamba la Miti la Serikali la Sao Hill wilayani Mufindi na mashamba ya wananchi yanayolizunguka yameifanya Mafinga kuwa kitovu cha mbao. Mabanzi yanayobaki baada ya magogo kuchanwa hupatikana kwa bei nafuu kuliko mbao kamili, nayo yanafaa kwa chaga, rafu, vibanda vya kuni na masanduku ya viatu. Yachaguliwe yaliyokauka, na magome yaondolewe kwa kuwa huficha wadudu.

Vikapu vya milulu vinavyosukwa na wanawake wa Iringa, ambavyo wengi huvinunua kama zawadi, ni vyombo vizuri vya kutunzia nguo za watoto, vitunguu na viazi kwa kuwa vinapitisha hewa. Mianzi ya Iringa na Rungwe hutoa dari, vichanja na pazia. Chokaa ikipakwa ndani hung'arisha chumba, ikapunguza hitaji la taa mchana na kuonesha mapema palipo na unyevu. Kila kaya inayonunua kikapu au rafu ya fundi wa jirani huacha fedha hiyo katika kijiji au mtaa wake.

Kazi kwa majira yake

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kalenda ya Nyanda za Juu Kusini inaeleza vizuri ni lini pa kuuziba. Mvua za Msimu hunyesha kuanzia Novemba hadi mwishoni mwa Aprili. Mei ni mwezi wa kukausha kuni, kukagua dari na kutenga mahali pa jiko la nje. Juni hadi Agosti ni wakati wa kukausha na kupanga mavuno na kuanika matandiko. Septemba na Oktoba, ukavu ukiwa umekolea, ndio wakati wa kuziba nyufa za kuta, kupaka chokaa, kugongomea bati zilizolegea, kusafisha mitaro na kuinua kingo za msingi ili maji ya paa yasiile nyumba. Kazi ya udongo na saruji inayoachwa hadi Desemba hufanyika ndani ya tope na mara nyingi haidumu.

Mwananchi anayetaka kuongeza chumba au kujenga jiko la nje mjini afike kwanza katika ofisi ya mtaa au halmashauri kupata maelekezo ya kibali. Ushauri wa afya na lishe hutolewa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii na katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambapo wazazi wanaweza pia kupima ukuaji wa watoto wao. Maofisa ugani hutoa maelekezo ya kuhifadhi nafaka. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukisambaza mitungi ya gesi na majiko banifu kwa bei ya ruzuku, na vikundi vinavyotengeneza majiko, samani au vikapu vinaweza kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu.

Kazi ya kwanza, hata hivyo, haihitaji ofisi wala mkopo. Jioni ya leo, kabla ya taa kuzimwa, mkuu wa kaya anaweza kuyauliza yale maswali manne ya moto, unyevu, sumu na njia ya kutokea, akiwa amesimama mlangoni mwa chumba wanacholala watoto. Jiko likiwa nje, dirisha la juu likiwa wazi, kitanda kikiwa mbali na ukuta na njia ya kuufikia mlango ikiwa haina kizuizi, kaya hiyo itakuwa imeanza kipupwe vizuri.